Nesi Aliyekataa Kuambiwa "Nzuri"

Nianze na gharama, maana mimi ni mtu wa soko na mzigo nisioujua bei siubebi. Kumfahamu Nesi kumenigharimu wateja, kumenigharimu shoga mmoja tuliyeazimana naye hadi masufuria, na kumenigharimu neno "nzuri", ambalo maisha yangu yote lilikuwa halinidai kitu. Sasa kunanigharimu usingizi. Nimepiga hesabu, nikairudia, kwa sababu hesabu ya mara moja ni ya mtu anayetaka kuibiwa. Jibu ni lile lile: nimetoa kuliko nilivyopata. Na bado nikisikia komeo la mlango wake, naacha ninachofanya, naenda.

Tunaishi Magomeni ya hapa Mtwara, ukuta wangu umeshikana na wake. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, jina la kazi likabaki kuwa jina lake. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata wanaume wenye ndevu ambao yeye ndiye aliyewapokea duniani na kuwapiga kofi la kwanza. Alikuja Mtwara kwa uhamisho wa serikali, akamzika mume hapa hapa, akazoea ming'oko, vile viazi pori vyetu, kwa chumvi na joto la Novemba, lakini Kiswahili chake hakikulegea. Sisi maneno tunayavuta. Yeye anayakata kama bandeji.

Tulijuana dukani kwangu. Ninauza vitenge. Aliingia, akashika cha bluu, akauliza bei, nikamtajia, akakunja uso kama ilivyo haki ya mteja. Nikamwambia yale tunayosema wote:

"Basi, kwa sababu ni wewe, nakupunguzia."

"Mimi ni nani?"

"Mteja wangu."

"Ndiyo kwanza nimeingia."

Nikacheka, kwa kuwa kicheko ni sehemu ya biashara. Yeye hakucheka. "Na ingekuwa si mimi, huyo mwingine ungemwambia bei gani?"

"Hiyo hiyo," nikasema. Ulimi uliteleza.

Hapo ndipo alipocheka, akalipa bila kuvutana, jambo lililonikosesha raha siku nzima. Nilijua nimeuza ila sikujua nani kamshinda nani. Baada ya hapo akawa anakuja kukaa kwenye stuli yangu. Nikimwambia mteja "hapo hata nauli siipati", sauti inatoka nyuma: "Nauli ya wapi? Si unakuja kwa miguu?" Nikisema "hii ndiyo bei ya mwisho", yeye anamuuliza mteja kama anataka kusubiri ile inayokuja baada ya mwisho. Wengine walicheka wakanunua. Wengine waliondoka. Walioondoka nawajua kwa sura.

Usidhani alikuwa mtu wa kununa. Alikuwa na masikio tu, na masikio yale hayakujua kupitwa. Mtu akimwambia "nakuja" huku anatoka zake, Nesi alikuwa anabaki amesimama pale pale, kwa makusudi, mpaka mwenyewe arudi kuona aibu. Kijana wa bodaboda alimpungia mkono, "Tupo pamoja, bimkubwa!" Akamsimamisha. "Wewe uko juu ya pikipiki, mimi niko chini na ndoo ya maji kichwani. Tupo pamoja wapi?" Kijana akashuka, akabeba ndoo. Tangu siku hiyo akimwona kwa mbali anakata kona, na akishindwa kukata kona anamsalimia kwa shikamoo tupu, isiyo na kiungo.

Kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti wetu alisema tuna changamoto ya maji, changamoto ya taa, na changamoto ya uzoaji taka. Nesi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, maji yapo au hayapo?"

"Kiukweli, Nesi, mwisho wa siku hiyo ni changamoto ambayo..."

"Hayapo," akasema, akageukia watu. "Andikeni: hayapo. Changamoto ni bao. Mtu anacheza, anashinda au anashindwa, anakwenda kunywa kahawa. Kukosa maji ni kukosa maji."

Watu walipiga makofi, na maji hayakuja. Hilo nalo nalisema ili hesabu ikae sawa.

Aliyemshinda nilimwona mmoja tu. Nilikuwa na safari ya Kilambo, kule kwenye mto Ruvuma, kuonana na wanawake wanaoleta vitenge kutoka ng'ambo. Akataka kunisindikiza, auone mto. Tulikaa juu ya magunia tukisubiri mtumbwi wa injini, na mwenye mtumbwi, mzee wa Kimakonde mwenye kofia ya sufu katika jua lile, kila akiulizwa anasema, "Tunaondoka sasa hivi." Jua likasogea. Nesi akashindwa kuvumilia.

"Baba, hiyo sasa hivi yako imeshazaliwa, au bado iko tumboni?"

Mzee akamtazama, akautazama mto, maji hayajajaa bado. "Njia haijafunguka, mama," akasema taratibu. "Ukisukuma sasa utachanika bure."

Nesi alicheka mpaka akashika mbavu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyarudia, anacheka upya. Hapo nikaelewa kitu ambacho watu wa mtaani hawakukielewa: hakuwa anachukia maneno. Alikuwa anachukia maneno yaliyosemwa na mtu asiyekuwepo. Yule mzee alikuwepo.

Lakini vita yake kubwa ilikuwa na "nzuri".

Salamu zetu unazijua. Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Za mtoto, nzuri, ila tumemlaza tangu jana, homa haitaki kushuka. Hapo kwenye "ila" ndipo Nesi alipokuwa akitua alichobeba. "Anza na hiyo ila," anasema. "Hiyo nzuri ya nini?"

Mimi nilimtetea nzuri. Nilimwambia ni adabu, kwamba mtu mwenye akili habwagi furushi lake mlangoni mwa mwenzake kabla hajabisha hodi. Akanisikiliza vizuri, anavyosikiliza mtu anayetaja bei ya juu. Halafu akasema, "Wodini nimepokea wanawake waliofika mlangoni kwa miguu yao, nawauliza hali, wananijibu nzuri, na damu imeshafika kwenye kandambili. Wengine neno lao la mwisho lilikuwa hilo. Adabu hiyo nimeifulia sana mashuka."

Tangu hapo nikaanza kumsalimia kwa yaliyopo: kichwa kinaniuma, mume kakasirika, vitenge havitoki. Mazoea yakanitoka mpaka nje. Shoga yangu, yule wa masufuria, aliniuliza habari za kwangu mbele ya wakwe zake nikampa habari zenyewe, na ndiyo ikawa mwisho wa kuazimana.

Sasa nikueleze alivyokuwa mwenyewe, kwa sababu ukimwona kwa upande mmoja utadhani kasimama wima. Wanawake aliowazalisha wanasema neno alilolisema kuliko yote pale wodini ni "bado kidogo". Bado kidogo mama, bado kidogo. Asubuhi bado kidogo, adhana ya adhuhuri bado kidogo, jua linazama bado kidogo. Nilipolisikia hilo nilimwendea kama mtu aliyeokota noti.

"Nesi, na bado kidogo je? Iliwahi kuwa kweli?"

"Haikuwahi."

"Sasa?"

"Hiyo si habari. Hiyo ni dawa. Anayepewa anajua, na anayeitoa anajua." Akakuna kidevu. "Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimemshika mkono."

Alikuwa na mengine ya hivyo. Alikataa "Mungu atasaidia" kutoka kwa watu wazima wenye afya, lakini Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani na alisali kwa maneno yale yale ya kila Jumapili, hakuna aliyemsikia akimkatiza padri. Alikemea watu wanaotuma "amina, ubarikiwe" kwenye simu bila kusoma kilichoandikwa, na siku mwanawe Deo alipomtumia picha ya kiwanja chake cha kwanza, nikamwona anaandika kwa kidole kimoja, pole pole: amina, ubarikiwe. Akaniona nimeona. "Nyamaza," akasema.

Kuna desturi yetu moja ambayo ndiyo inayonitesa leo, na lazima niieleze. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Aliye mbali anaweza kuanguka njiani, au akapanda gari anaendesha kama mwendawazimu. Kwa hiyo anaambiwa, "Mama anaumwa kidogo, jitahidi uje." Na aliye mbali, akisikia hiyo "kidogo" na hiyo "jitahidi", anajua. Anafunga khanga, anapanda basi, analia akiwa dirishani. Hakuna anayemwambia na hakuna anayemdanganya.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu aliugua malaria kweli. Malaria, basi. Binti yake wa hapa, mtoto mgeni wa mambo, akawapigia ndugu wa Newala: mama anaumwa kidogo, jitahidini mje. Wakaja na gari la kukodi, wanawake wamejifunga khanga viunoni, sauti zimeanzia barabarani. Mama mwenyewe alikuwa uani anakunywa uji. Akainuka kuona nani kafiwa. Wa kwanza kumwona alizimia, na Nesi ndiye aliyeitwa, si kwa mgonjwa, kwa aliyezimia. Akamwagia maji, akamkalisha, akawatazama wote mmoja mmoja. "Kwa hiyo nchi nzima hii," akasema, "hakuna namna ya kumwambia mtu kwamba mama yake anaumwa?"

Tulicheka sana. Mimi kicheko hicho sasa kimenikauka.

Kwa sababu baadaye ikawa zamu ya mama yangu mdogo. Aliumwa muda mrefu, na kila aliyekuja kumtazama alitoka akisema anaendelea vizuri. Nesi aliingia, akakaa naye, akatoka akanivuta pembeni.

"Huyu anakwenda. Mwite binti yake, Somoe, aje, aje sasa, na umwambie hivi hivi ninavyokwambia: mama yupo hai, anakwenda, anakusubiri."

Wajomba walimsikia. Wakasema anatuchuria, mtu wa kuja huyu, anamtabiria mtu kifo ndani ya nyumba yake. Mmoja akamwonyesha mlango. Akatoka, hakubishana. Mimi nikampigia Somoe kwa maneno yale yale. Somoe akaja, akamkuta mama yake anaongea, wakakaa wameshikana, wakamaliza yao. Wajomba mpaka leo hawamsalimii Nesi, na mimi wananisalimia kwa kidevu. Somoe ndiye kila akija mjini anaanzia kwake kabla ya kwetu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nilipoona hatoki tena asubuhi. Alikuwa na matembezi yake ya Shangani, kando ya bahari, mikono nyuma kama mkaguzi, akirudi ananigongea dirisha kuniambia nani kamwambia "pole na majukumu" wakati yeye hana jukumu lolote. Dirisha likanyamaza. Nikasema labda uchovu. Likaendelea kunyamaza, nikaenda.

Nilimkuta ameketi uani, miguu ndani ya beseni. Hakunipa nafasi ya salamu. Aliutoa mguu mmoja, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki.

"Unaona? Halirudi."

"Ni nini, Nesi?"

"Moyo umechoka kusukuma. Nimepimwa, nimeambiwa, na kabla sijaambiwa nilikuwa najua. Vidonge ninavyo, vinanisaidia kulala. Zaidi ya hapo hakuna."

Nilitaka kusema kitu. Kila kilichokuja mdomoni kilikuwa ni kile alichokikataza, nikakimeza kimoja baada ya kingine. Akaniona ninavyohangaika, akatabasamu.

"Umejifunza. Sasa nataka kitu. Deo akikupigia, mwambie naendelea vizuri."

Nilidhani ananijaribu. "Nesi, neno hilo si ulinikataza?"

"Nilikukataza wewe. Mimi sijajikataza."

"Deo ana haki ya kujua."

"Deo nimemzaa, namjua. Ukimwambia, atauza kile kiwanja leo leo. Atakuja na gari, atanibeba kwenda Dar, atanilaza kwenye korido, atanirudisha ndani ya sanduku, na kiwanja kimekwenda. Wangapi nimewaona? Nimefunga macho ya wanawake ambao watoto wao walikuwa nje wanatafuta pesa. Nataka kulala hapa, kwenye kitanda changu, yeye akiwa bado na pa kujenga."

Mimi ni mtu wa kuvutana bei, nikavutana. Nikasema nimwambie aje kusalimia tu. Akakataa. Nikasema basi nimwambie ana kikohozi. Akasema kikohozi cha miguu? Nikamtupia la mwisho nililokuwa nalo.

"Na Somoe je? Wewe mwenyewe ulisema aitwe."

Akaurudisha mguu kwenye maji. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatafuta neno.

"Somoe alikuja kuaga," akasema. "Wangu atakuja kupigana."

Halafu akaomba nimshike mkono ainuke, na mkono ulikuwa mwepesi, nikaubeba kama mzigo wa mtu mwingine niliokabidhiwa kwa muda. Hakusema nimuahidi. Angesema, ningejua pa kubishia.

Deo alipiga jana. Nilikuwa dukani, mteja ameshika kitenge.

"Shikamoo, mama mdogo. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema. Ilitoka yenyewe, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani.

"Mama anaendeleaje? Nikimpigia anajibu kwa mkato, ananiuliza mimi tu. Anaficha kitu?"

Mteja ananitazama. Na mimi, niliyekaa miaka yote hii kwenye shule ya yule mwanamke, nikasema, "Mwanangu, mtandao unasumbua, sikusikii vizuri," nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nikamuuzia mteja kwa bei aliyoitaja yeye, aniondokee.

Baadaye ukaja ujumbe: Mama mdogo, niambie tu ilivyo. Nitapiga kesho nikitoka kazini.

Kesho hiyo ndiyo leo. Tangu alfajiri natoka na kuingia, nafungua duka nafunga, nimepanga vitenge kwa rangi nikavipangua. Kila njia naiona inapofika. Nikisema anaendelea vizuri, nimemtii Nesi, na Deo atakuja kumwona mama yake akiwa hawezi tena kumwona. Nikisema anaumwa kidogo, jitahidi uje, atapanda basi akijua amekwisha fiwa, na ataingia Magomeni analia mbele ya mama aliye hai. Nikimwambia kama nilivyomwambia Somoe, anauza kiwanja, na mlango wa Nesi haunifungukii tena. Kuna wazo la nne, nimwambie yote pamoja, kwamba mama anakwenda, na kwamba hataki kubebwa, aje na mikono mitupu akae naye. Hilo nikilipima naliona zuri. Nikilipima tena namwona Deo, aliye na miaka ya kijana na nguvu za kijana, na sijui kama kuna mtoto anayeweza kuja na mikono mitupu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi, hasa mliowahi kusimama katikati ya mgonjwa na mtoto wake. Msinipe "usijali", wala "Mungu ni mwema". Hilo la pili ninalo na naliamini, ila halipokei simu. Nipeni la kumwambia. Atanisalimia, nitaitika marahaba, na baada ya marahaba, nimwambie nini?